Unene, Kisu na Aibu

Katika miaka yetu hii limezuka swali ambalo wazee wetu hawakuulizwa, maana siku zao halikuwako. Mtu aliyenenepa mno hata magoti yamlemea na pumzi yamwishia, naye amejaribu njia nyingi asifaulu, huambiwa na daktari ya kuwa mfuko wake wa tumbo waweza kupunguzwa kwa kisu. Basi hana budi kuamua: akubali au akatae? Wengi hudhani kwamba jambo hili ni la matabibu peke yao. Lakini ndani yake mna maswali mengine: la kiasi na ulafi, la ujasiri na uvivu, na la haki ya mtu juu ya mwili wake. Kwa hiyo yatupasa sisi sote kulifikiri.

Kwanza tujue kazi yenyewe. Njia zitumiwazo zaidi ni mbili. Katika ya kwanza daktari hukata sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, kadiri ya robo tatu au zaidi, akaiondoa kabisa. Kinachobaki huwa chembamba mfano wa mkono wa kanzu. Katika ya pili hufanywa kifuko kidogo sana upande wa juu, nacho huunganishwa na utumbo, hata chakula kikapita bila kuingia katika mfuko ule mkubwa. Njia hii ya pili ilianzwa na Edward Mason katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966.

Wala si kila mtu mnene ashauriwaye hivyo. Madaktari huchukua kilo za mtu, wakazigawa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tangu mwaka 1991 kipimo chao kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa ulioletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa kazi hii vilishusha kipimo, vikisema kwamba mwenye 35 aweza kushauriwa hata kama hana ugonjwa mwingine. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 hufika 35 akiwa na kilo kama 90.

Sasa tusikilize wanaopinga. Wako wasemao, “Mwenye kutaka kupungua na auzuie mkono wake usiende sahanini. Kiasi ni wema, na wema haununuliwi kwa mpasuaji.” Neno hili lina sura ya haki, lakini linadhani kwamba kila mnene ni mlafi, na kwamba njaa ni tabia tu. Mambo sivyo yalivyo. Katika miaka 1944 na 1945, mtaalamu Ancel Keys wa Minnesota aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya, waliojitolea kwa hiari. Hao walikuwa watu wa nia thabiti, waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao. Lakini miezi ilipopita, waliona baridi, wakawa wazito wa moyo, na mawazo yao mchana na usiku yakawa ni chakula. Hatusemi ya kuwa mwembamba mwenye njaa na mnene ni sawasawa. Twasema tu kwamba mwili una nguvu ya kujipigania, na nguvu hiyo haishindwi sikuzote kwa nia njema.

Tena mwaka 2016 ilitangazwa habari ya watu 14 wa Marekani waliopungua sana kwa mazoezi na kujinyima katika mashindano. Walipopimwa baada ya miaka sita, wengi wao walikuwa wamerudia sehemu kubwa ya unene, na miili yao ilikuwa ikitumia chakula kichache kuliko ilivyotazamiwa kwa watu wa ukubwa wao. Watu hawa hawakuwa wavivu. Mvaa miwani hatumwambii akaze macho. Kwa nini basi mwenye kutafuta msaada kwa ajili ya mwili unaomshinda aitwe mvivu?

Hata hivyo iko hoja ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Miwani huvuliwa, mfuko wa tumbo uliokwisha kukatwa haurudi. Tena kinachokatwa si kiungo kilichooza, ni kiungo kizima. Je, ni halali? Hapa hatuna budi kupima faida na hasara kwa mizani ya kweli.

Huko Uswidi ulianza mwaka 1987 uchunguzi wa watu wanene zaidi ya 4,000. Watu 2,010 walichagua kupasuliwa, na wengine 2,037 waliofanana nao walitunzwa kwa njia za kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007. Katika muda wa miaka kama kumi na mmoja walikufa 129 katika wale wasiopasuliwa, na 101 katika wale waliopasuliwa. Baada ya miaka kumi, waliogeuziwa njia ya chakula walikuwa wamepungua robo ya uzito wao kwa wastani. Wasiopasuliwa walikuwa karibu pale pale walipoanzia. Lakini katika siku 90 za kwanza walikufa watano waliopasuliwa, na wawili tu wa upande wa pili. Faida ni kweli, na hatari ni kweli.

Mwaka huo huo 2007 ilitoka habari nyingine kutoka Utah, Marekani. Vifo kwa jumla vilikuwa vichache kwa waliopasuliwa, tena vya kisukari vilipungua mno; lakini vifo visivyotokana na ugonjwa, kama vya ajali na vya kujiua, vilikuwa vingi zaidi. Neno hili litufikirishe. Kisu hupunguza mwili; hakiondoi huzuni iliyokuwa chini yake. Aliyedhani ya kuwa unene ndio chanzo cha kila msiba wake aweza kupungua, akaukuta msiba ungali ukimngoja.

Tena iko bei ilipwayo maisha yote. Aliyepasuliwa hana budi kunywa vitamini, madini ya chuma na kalisi, na kupimwa damu mara kwa mara. Hula kidogo kidogo, akitafuna polepole. Aliyegeuziwa njia ya chakula akila sukari nyingi aweza kushikwa na kizunguzungu na jasho, na pombe humpanda upesi kuliko zamani. Kwa hiyo wasemao kwamba hii ni njia ya wavivu hawajui wasemalo. Kisu hakimpi mtu kiasi. Humfungulia mlango tu, na kuingia ni kwake mwenyewe.

Basi, kama kupasuliwa si uvivu, na kutopasuliwa si ujinga, kosa liko wapi? Kwa maoni yetu liko katika kumfanya aibu kuwa mshauri. Aibu humsukuma mmoja kwenye kisu asichokihitaji, ili macho ya watu yamwache. Humzuia mwingine asiende kwenye kisu kiwezacho kumponya, asije akaitwa mlafi aliyeshindwa na tumbo lake. Hao wawili wameamua kinyume, lakini wote wawili wameamua kwa ajili ya watu wengine.

Na sisi majirani tuna sehemu yetu katika kosa hilo. Kwetu mtu akinenepa huambiwa amenawiri, akizidi huchekwa, na akipungua upesi hunong’onwa. Tangu miaka ya 1980, Uganda na Bukoba, wembamba ulidhaniwa kuwa dalili ya UKIMWI, na dhana hiyo haijesha. Tena mgeni akila matonge mawili akasema ameshiba, mwenyeji huona amedharauliwa. Katika hali hiyo mtu atatunzaje ahadi aliyompa daktari wake? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yafaa tunyamaze, na kumwachia mgeni sahani yake.

Kwa yule aliye njia panda twatoa maswali matatu. Je, kama hakuna mtu atakayeniona nikiwa nimepungua, ningali nataka kwa ajili ya pumzi yangu, magoti yangu na kisukari changu? Je, nimeijua bei yote, na njia nyingine zilizopo? Maana sasa iko na dawa ya sindano, semaglutide, iliyoruhusiwa Marekani kwa kupunguza unene mwaka 2021, ingawa wengi walioiacha walirudia sehemu kubwa ya uzito wao. Na tena, je, niko tayari kuyashika masharti hata miaka ishirini ijayo, siku ambayo hakuna atakayenisifu tena?

Mwenye kujibu ndiyo kwa yote matatu, na daktari wake amekubali, haachi wema kwa kupasuliwa. Na mwenye kujibu siyo, akakataa kwa kujua, asiitwe mwoga. Mwili ni wa mmoja, na maumivu yake ni ya mmoja. Uamuzi nao uwe wake, ila aufanye macho yake yakiwa wazi, maana majuto ni mjukuu.