Mti Mkubwa Kando ya Nyumba

Katika maboma yaliyo baina ya soko la Kamukuywa na mto wenye jina hilo hilo, uteremkao kutoka Mlima Elgon, aghalabu huikuta nyumba na mti mkubwa ubavuni mwake: mwembe, mparachichi, au safu ya mikaratusi iliyopandwa na mzee aliyekwisha fariki, nayo sasa imelipita paa la mabati kwa mbali. Ijapo mvua ya masika na ngurumo zake, mwenye nyumba hulala akisikiliza tawi likikwaruza bati, na alfajiri humjia swali ambalo kwa dhahiri ni la shoka na kwa batini ni la dini: je, ni halali kuuangusha uhai wa miaka mingi kwa sababu ya hofu?

Wazee wa Kiluhya hawakulichukua jambo hili kwa wepesi, kwani murembe, wenye maua mekundu, ulikuwa mti wa kiapo, na mwenye kuapa kwa uongo mbele yake alijua ameiita laana. Torati nayo inalikataza jeshi lizingiralo mji kuipiga shoka miti ya matunda. Lakini hukumu iliyo karibu zaidi na ua wa nyumba, nionavyo mimi, imo katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, ya Samura bin Jundub, aliyekuwa na mitende katika shamba la mtu wa Ansari, akawa akiingia humo na kumwudhi mwenye shamba na ahali zake. Mtume (s.a.w.) alimtaka auze, akakataa, abadilishe, akakataa, atoe hiba, akakataa, ndipo alipomwambia kuwa yeye ni mwenye kudhuru, akamruhusu yule Ansari kuing'oa. Mitende haikuwa na kosa lolote. Madhara yalikuwa katika ukaidi wa mwenyewe, na ruhusa ya kung'oa ilikuja baada ya njia zote za sulhu kukataliwa.

Kwetu njia hizo zinaanzia matawini. Tawi lielekealo paa likatwe penye shina lake, wala kisikatwe kilele kizima, maana jeraha lile huoza, na machipukizi yatokayo hapo hushika kwa udhaifu, hata hatari ikazidi ile ya kwanza. Ama mkaratusi, ulioletwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za garimoshi, ugeni wake si dhambi. Kiu yake ndiyo iliyomfanya Waziri John Michuki, mwaka 2009, kuamuru ung'olewe kandokando ya mito.

Hata hivyo niya na ichunguzwe, kwa kuwa ziko hofu zilizolala miaka mingi zikaja kuamka siku ile ile aliyopita mnunuzi wa nguzo za umeme, na mtu wa namna hiyo afadhali aseme wazi kwamba anatafuta karo ya watoto, jambo ambalo halina aibu.

Mtu aweza kuuvumilia mwembe wa babu yake juu ya paa lake mwenyewe, kwa mapenzi au kwa tawakali. Ukiegemea kwa jirani, mizizi ikiwa imelegea, hana tena tawakali ya kutoa, kwa sababu wanaolala chini yake ni watoto wa mwingine, na jirani huyo hapaswi kumwomba mara tatu.