Rafiki Akiacha Kusali



Huenda yule aliyewasimamia siku ya arusi haonekani tena kanisani wala jumuiyani. Mke asema, “Tuachane naye.” Mume asema, “Tumshtaki kwa padre.” Polepole, wapendwa.

Mtakatifu Monika, mwanawe Augustino alipofuata dini ya Mani, kwanza alikataa kula naye meza moja. Ndoto ikamfanya amkaribishe tena. Askofu mmoja akamshauri asibishane naye, amwombee tu. Miaka ipatayo 9 ikapita. Kule Milano, Augustino alimpenda Askofu Ambrosi kwa wema wake kwanza, mafundisho yakafuata. Akabatizwa Pasaka ya mwaka 387.

Basi mwalikeni rafiki yenu chakula, bila mahubiri mezani. Muulizeni kilichomuumiza. Mara nyingi ni msiba, au neno kali la mtu wa kanisa (na maneno hayo tunayajua). Msikilizeni hata akitulaumu sisi. Msimseme mbele ya watoto. Usiku mnapopiga magoti pamoja, mtajeni kwa jina. Na siku akiuliza kwa nini ninyi bado mwasali, mwambieni yaliyo moyoni mwenu, hata kama ni machache.