Kijoka na Msala Upitao

Palikuwa na mzee mwenye ndevu nyekundu na kofia ndefu, akielea angani katika chombo cha ajabu. Kazi yake ilikuwa kuokota rangi, sauti na vipande vya ndoto. Siku moja akavichanganya alivyovikusanya, na humo akazaliwa kijoka wa zambarau, mwenye pembe fupi na utundu wa mtoto asiyejua kukaa kimya. Mzee aliitwa Dreamfinder. Kijoka akaitwa Figment.

Wawili hawa hawakutoka katika sinema. Walibuniwa na Tony Baxter na wenzake wa kampuni ya Disney kwa ajili ya kivutio kimoja tu, katika bustani ya burudani ya EPCOT, jimbo la Florida, Marekani. Kilifunguliwa Machi 1983. Mgeni aliketi kwenye kigari, akashuhudia kijoka akizaliwa, kisha akapitishwa katika ulimwengu wa sanaa, fasihi, maigizo na sayansi. Wimbo wake ulitungwa na ndugu wawili, Richard na Robert Sherman. Watoto walitoka pale wakiuimba, na aliyetaka kumwona kijoka yule hakuwa na pengine pa kwenda.

Basi akaja jirani. Mwaka 1989 ilitoka filamu *Honey, I Shrunk the Kids*, kisa cha mwanasayansi aliyewapunguza wanawe kwa bahati mbaya hadi wakawa wadogo kama wadudu. Filamu ilipendwa sana, na mwishoni mwa 1994 onyesho lililotokana nayo likafunguliwa EPCOT, katika jengo lile lile la Figment. Onyesho hilo lilikuwa na taasisi yake ya kufikirika ya ubunifu, na msemaji wake alikuwa Dk. Nigel Channing, aliyeigizwa na Eric Idle. Watu wakajaa.

Hapo wenye bustani wakaanza kumtazama kijoka wao kwa jicho jingine. Oktoba 1998 kivutio kikafungwa. Kilipofunguliwa tena mwaka uliofuata, kilikuwa kimegeuzwa tawi la taasisi ya jirani. Dreamfinder alikuwa ameondolewa kabisa. Figment alionekana kwa kuibia, kama mpangaji anayedaiwa kodi. Safari ilikuwa fupi kuliko ya awali, na mwenyeji sasa alikuwa Dk. Channing, aliyewapima wageni kwa mashine na kuwatangazia kwamba vichwa vyao havina ubunifu wowote. Hebu fikiria: mtu amesafiri na wanawe, amelipa kiingilio, amesimama kwenye foleni, halafu anaambiwa kichwa chake ni kitupu!

Malalamiko yakamiminika. Haikupita miaka mitatu kivutio kikafungwa tena, na Juni 2002 Figment akarudishwa pamoja na wimbo wake. Lakini nyumba aliyorudishiwa haikuwa yake tena. Mzee wake hakuwamo, taasisi ilibaki, na Dk. Channing aliendelea kuwa mwenyeji. Kisha, mwaka 2010, lile onyesho la filamu lililosababisha yote haya likaondolewa. Jirani alihama, na mwenye nyumba akabaki amevaa sare za jirani.

Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako, na usiku utaukuta pale pale ulipouacha. Msala wa mpita njia unapendeza machoni, ila mwenyewe akimaliza kuswali huukunja akaenda zake.

Pengine utasema filamu ndiyo mbaya. Sivyo. Mwaka 1967, katika bustani ya Disneyland kule California, kilifunguliwa kivutio cha maharamia, Pirates of the Caribbean. Nacho hakikuwa na filamu nyuma yake. Miaka 36 baadaye, mwaka 2003, filamu ndiyo iliyokwenda kuchota kwenye kivutio, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 600. Jack Sparrow, shujaa wa filamu hiyo, aliwekwa ndani ya kivutio mwaka 2006. Lakini tazama alivyowekwa: anachungulia hapa, anajificha pale, huku maharamia wa zamani wakiendelea kuuteka mji wao na kuimba wimbo wao. Mgeni alipewa kiti. Hati ya nyumba hakupewa.

Na anayejenga nyumba nzima juu ya kiwanja cha kuazima, naye ajue kuwa anaazima pamoja na madeni. Baxter huyo huyo ndiye aliyebuni Splash Mountain, kivutio cha maji kilichofunguliwa Disneyland mwaka 1989. Wahusika wake walitoka katika *Song of the South*, filamu ya mwaka 1946 iliyolaumiwa kwa jinsi ilivyopamba maisha ya watu weusi mashambani kusini mwa Marekani, hata kampuni yenyewe haikuwahi kuitoa kwa kanda wala diski nchini humo. Watu walikipenda kivutio, lakini fedheha ya filamu haikukiacha. Mwaka 2023 kilifungwa huko California, pamoja na mwenzake wa Florida, na mwaka uliofuata mahali pake pakachukuliwa na hadithi ya Tiana, inayotokana na filamu nyingine.

Turudi kwa kijoka. Januari 2022, EPCOT ilianza kuuza kopo la bisi lenye umbo la Figment. Watu wazima walisimama kwenye foleni kwa saa kadhaa kulinunua. Wengi wa rika lao walimjua wakiwa watoto, kabla hajanyang'anywa nyumba. Hakuna mwaka ambao filamu mpya haijatoka tangu azaliwe. Hata hivyo, foleni ile ilikuwa yake.

Funzo ni hili. Aliye na wazo lake mwenyewe, hata likichakaa, alifue, alishone, alitie rangi mpya. Jina kubwa likibisha hodi, alikaribishe, maana wageni huleta baraka. Ila kabla hajamtoa mzee wake nje ili mgeni apate nafasi, na ajiulize: siku mgeni huyu atakapokunja msala wake, mimi nitalala wapi?