Msusi, ulichokiona ni amana



Ndugu Waislamu, leo naanza kwa kukiri kosa langu. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, na kila Jumamosi baada ya Alasiri nina darasa la akina mama hapa Dar es Salaam. Siku moja dada mmoja mwenye saluni alibaki nyuma akaniuliza: "Ustadh, nina mteja. Akivua mtandio naona sehemu za kichwa nywele zimenyofolewa, na shingoni ana alama za vidole. Nikimwambia mtu, nitakuwa nimesengenya?"

Nilikuwa na haraka. Nikamjibu kwamba kumsitiri Muislamu ni ibada, kwa hiyo anyamaze na amuombee dua. Wiki tatu baadaye alirudi. Mteja wake alikuwa amevunjwa mkono. Dada yule hakunilaumu, aliniangalia tu. Nikarudi vitabuni.

Imamu Bukhari amepokea kisa cha mwanamke aliyekwenda kwa Bibi Aisha (RA) akiwa na mtandio wa kijani, akamlalamikia mumewe na kumwonesha ngozi ilivyovilia damu. Mtume (SAW) alipoingia, Bibi Aisha hakuficha. Alimweleza kwamba ngozi ya mama yule ilikuwa ya kijani kuliko hata nguo yake. Shauri lile lilikuwa na mambo mengine, na mume naye alisikilizwa. Lakini tazama lilivyoanza: mwanamke alimwonesha mwanamke mwenziwe, faragha, na aliyeoneshwa akamfikishia mwenye uwezo wa kusaidia.

Leo faragha hiyo iko wapi kama si saluni? Mama wa Kiislamu amejifunika. Imamu hamuoni, mwalimu hamuoni, jirani hamuoni. Msusi anamuona.

Na kusengenya je? Imamu Nawawi, katika kutaja hali sita ambazo kumsema mtu asiyekuwepo kunaruhusiwa, ameanza na aliyedhulumiwa anayepeleka malalamiko kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki. Kwa hiyo kinachoharamishwa ni kuigeuza habari ya mteja kuwa umbea wa kupitishia muda wakati wa kusuka. Huo ni khiyana. Lakini kunyamaza mbele ya dhulma nako si kutunza amana.

Wenzetu wameliona hili. Jimbo la Illinois nchini Marekani, kuanzia mwaka 2017, limewataka wasusi na watengeneza nywele wenye leseni kupata mafunzo ya saa moja kuhusu ukatili wa majumbani. Sheria ile haiwalazimishi kwenda kuripoti. Inawataka wajue dalili na wajue pa kumwelekeza mteja. Je, sisi tunaoamrishwa kukataza maovu tusubiri sheria?

Dada yangu msusi, fanya haya. Kwanza, usimuulize mbele ya foleni ya wateja. Subiri mbaki wawili, umwambie kwa upole kuwa umeona na una wasiwasi naye. Akikataa kusema, usimshike kwa maswali. Mwambie mlango uko wazi. Akisema, mwamini, na usimuulize amemkosea nini mumewe.

Pili, usimpigie mume simu wala kumkabili. Atakayelipia ujasiri wako ni yule mama, usiku, mlango ukishafungwa. Usimshinikize pia aondoke leo leo, kwa maana saa ya kuondoka mara nyingi ndiyo ya hatari zaidi. Uamuzi ni wake. Simu yake huenda inakaguliwa, basi mpe ya saluni apige.

Tatu, zijue njia. Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3 hutolewa polisi. Aliyekabwa shingo awahi hospitali hata kama anaonekana mzima. Wanasheria wanawake wa TAWLA hutoa msaada wa kisheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imetamka wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Ukiona maisha yake au ya watoto yako hatarini, hapo usingoje, tafuta msaada.

Na sisi wanaume na walimu, tuache kujificha nyuma ya neno "vumilia". Wapo wanaoshika aya ya Suratun Nisaa kama fimbo, wakasahau kuwa Bibi Aisha ameshuhudia kwamba Mtume (SAW) hakumpiga mwanamke kamwe, na kwamba wanazuoni wameharamisha kujeruhi na kupiga uso. Habiba bint Sahl (RA) alipokuja mlangoni kwa Mtume (SAW) gizani kabla ya Alfajiri kumshitaki mumewe, hakurudishwa akavumilie. Mume aliitwa, na ndoa ikavunjwa kwa khului.

Mimi nilimrudisha. Dada yule msusi bado anakuja darasani, na sasa namwachia nafasi ya kuuliza kabla sijafunga kitabu. Allah anisamehe, amponye mama yule, na awape wasusi wetu macho ya huruma na ndimi zenye amana.