Kimya cha Mteja

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. Humwarifu mwenye simu, Johannesburg au kwingineko nchini Afrika Kusini, kwamba amekaribishwa katika huduma fulani ya michezo, ya nyota au ya video. Kwamba siku ya kwanza ni bure. Kwamba kuanzia kesho salio lake litakatwa randi kadhaa kila siku. Na kwamba akitaka kuacha atume neno STOP kwenye nambari iliyotajwa. Mwenye simu hakuomba chochote. Pengine aligusa tangazo kwa bahati mbaya alipokuwa akijaribu kulifunga, pengine hakugusa kitu kabisa. Anaufuta ujumbe huo pamoja na mingine ya siku hiyo, na katika vitabu vya kampuni anakuwa ameshakubali.

Kisheria jambo hili halina utata mkubwa. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Afrika Kusini, namba 68 ya 2008, iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2011, inakataza katika kifungu cha 31 biashara ya namna hii hasa: mkataba unaodaiwa kuzaliwa kwa sababu mteja hakukataa ni batili. Kifungu cha 21 kinaongeza kwamba aliyeletewa asichokiomba hadaiwi malipo. Watoa huduma za simu nao wana chama chao cha kujisimamia, WASPA, kilichoundwa mwaka 2004, ambacho kanuni zake zinataka anayejiunga na huduma ya kulipia athibitishe nia yake kwa hatua ya pili. Hata hivyo malalamiko hayajakoma. Na sheria, hata inapokataza, haielezi daima kwa nini jambo ni ovu. Kampuni inaweza kuuliza: ubaya uko wapi? Bei imetajwa, njia ya kutoka imetajwa, siku ya kwanza haikulipiwa, na kiasi chenyewe ni kidogo.

Kiswahili kina neno moja, bure, kwa kisicho na bei na kwa kisicho na faida. Mtu hupewa kitu bure, na mtu huhangaika bure. Wauzaji wa huduma hizi hutangaza maana ya kwanza na kumwachia mteja ya pili. Lakini desturi ya kuonjesha si ya wazungumzaji wa Kiingereza wala si ya zama za simu. Muuza machungwa wa Mombasa au Kariakoo hukata kipande akampa mpita njia. Mpita njia huonja, husifu au hukunja uso, na anaweza kwenda zake bila neno. Muuzaji hawezi kumkimbilia kesho yake akidai bei ya kapu zima kwa kuwa hakusema machungwa ni machachu. Baada ya kuonja, swali la kununua bado halijaulizwa, na muuzaji ndiye mwenye kazi ya kuliuliza. Katika kionjo cha simu swali hilo limeondolewa. Kilichobaki ni jibu, nalo limeandikwa tayari kwa niaba ya mteja.

Hapa ndipo suala la kimya linapoingia. Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo inayofuatwa na wengi katika pwani ya Waswahili, anatajwa kuwa na kauli kwamba aliyenyamaza hanasibishwi na usemi. Waandishi wa Majalla, sheria za madai za dola ya Uthmaniya, waliiweka kanuni hiyo katika kifungu cha 67, wakaifuatisha na nyongeza muhimu: kimya mahali panapohitaji usemi ni usemi. Mfano unaojulikana sana ni wa mwanamwali anayeombwa idhini ya ndoa, ambaye kunyamaza kwake huchukuliwa kuwa ni ridhaa. Mfano huo umetumiwa vibaya mara nyingi, na mabinti wengi wa pwani wanajua gharama yake. Lakini hata ndani yake mna masharti. Mwali ameulizwa. Anajua ameulizwa nini. Kinachomnyamazisha, kwa dhana ya wanasheria wale, ni haya, na haya inafahamika na wote waliopo. Mwenye simu wa Johannesburg hanyamazi kwa haya. Ananyamaza kwa sababu hajasoma, au amesoma akadhani ni takataka, au yuko kazini.

Mahakama ya Uingereza ilifika pahali karibu na hapo mwaka 1862, katika kesi ya Felthouse na Bindley, iliyohusu farasi. Mzee Felthouse alimwandikia mtoto wa nduguye kwamba asipomsikia akisema lolote zaidi, atamhesabu farasi kuwa ni wake kwa bei aliyoitaja. Kijana hakujibu. Ajabu ya kesi hii ni kwamba kijana alitaka kuuza kwelikweli, na alikuwa amemwambia mnadi amtoe farasi huyo katika mnada. Mnadi akamuuza kwa makosa. Mahakama ilikataa kuona mkataba: mzee hakuwa na haki ya kumbebesha mwenzake mzigo wa kujibu. Ikiwa kimya cha aliyeridhia moyoni hakikutosha, ni vigumu kuona jinsi kimya cha asiye na habari kinavyoweza kutosha.

Watetezi wana hoja nzito zaidi kuliko ile ya bei ndogo. Ulimwengu wa leo, watasema, umejaa makubaliano ya kimya, na mengine ni ya heri. Uingereza ilianza mwaka 2012 kuwaingiza wafanyakazi katika pensheni bila kusubiri waombe, na asiyetaka hujitoa. Mbona huko hakuna kelele? Hoja hii inastahili jibu. Tofauti haiko katika umbo la ridhaa, maana umbo ni lilelile. Iko katika kumwuliza aliyelitega hilo umbo angependelea mteja akumbuke au asahau. Mfanyakazi anayeikumbuka pensheni yake, akaichunguza na kuiongezea, haharibu mpango, anautimiza. Anayekumbuka huduma ya nyota aliyounganishwa nayo huifuta siku hiyohiyo. Bidhaa inayouzwa hapa, kwa hiyo, si nyota wala video. Ni usahaulifu wa mnunuzi, na faida hukua kadiri usahaulifu unavyodumu.

Kampuni kubwa hazijaepuka tuhuma hiyo. Mwezi Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya Tume ya Biashara ya Marekani, iliyodai kwamba watu waliandikishwa katika Prime bila ridhaa yao na kwamba kujitoa kulifanywa kugumu kwa makusudi. Mmarekani aliyekatwa hivyo aliona mstari mmoja zaidi katika taarifa ya benki. Kwa mwenye salio la kulipia kabla, mambo ni mengine. Vodacom ilianza kuuza muda wa maongezi wa kulipia kabla Afrika Kusini mwaka 1996, na mfumo huo ndio uliowapa maskini simu, hapo na baadaye Tanzania na Kongo. Salio ni akiba ndogo iliyo wazi. Randi 5 kwa siku ni randi 150 kwa mwezi, nayo ruzuku ya mtoto nchini humo mwaka 2017 ilikuwa randi 380. Tena yule Mkongomani wa Yeoville anayeishi kwa Kiswahili na Kifaransa amepewa neno moja la kukataa, na neno hilo ni la Kiingereza.

Mfano mzito kuliko yote umetoka katika ruzuku hizohizo. Mwaka 2012 kazi ya kuzilipa ilipewa Cash Paymaster Services, kampuni ya kundi la Net1 lenye makao Johannesburg. Shirika la Black Sash, lililoanzishwa katika jiji hilo mwaka 1955 na wanawake waliopinga kuondolewa kwa Machotara katika orodha ya wapiga kura, lilianza kukusanya malalamiko ya wazee na akina mama waliokuta fedha zao zimekatwa kwa ajili ya muda wa maongezi, umeme, mikopo na bima za maziko. Wengi walisema hawakuomba. Kampuni husika zilishikilia kwamba wateja walikuwa wameridhia.

Tarehe 17 Machi 2017 Mahakama ya Katiba, iliyoko Braamfontein juu ya kilima cha gereza la zamani, ilitoa hukumu iliyoandikwa na Jaji Johan Froneman. Kwa kuwa serikali haikuwa na mlipaji mwingine, mkataba uliongezwa kwa miezi 12, ila kwa masharti. Moja lilizuia taarifa za wapokeaji zisitumiwe kwa jambo lolote nje ya malipo ya ruzuku. Jingine lilikwenda mbali zaidi: lilimzuia mtu yeyote asiwaalike wapokeaji hao kukubali taarifa zao zitumiwe kuuzia bidhaa na huduma.

Sharti hilo la pili linastahili kutazamwa kwa muda. Mahakama ingeweza kudai ndiyo iliyo wazi zaidi, kwa saini au kwa dole gumba. Badala yake ilikataza hata swali lisiulizwe. Msomaji wa mrengo wa uhuru ataona hapo dharau kwa watu wazima, kana kwamba mwenye ruzuku hawezi kujiamulia, na pingamizi hilo lina uzito. Lakini mtu anayeulizwa na mkono uleule unaompa chakula cha mwezi hasikii swali kama anavyolisikia mpita njia mbele ya machungwa. Hata ndiyo yake ingekuwa aina ya kimya. Amri ile, hata hivyo, ilihusu malipo ya ruzuku peke yake. Haikugusa simu iliyo katika mfuko wa pili wa vazi lilelile, ambamo huduma ya siku moja ya bure bado huweza kujitambulisha yenyewe.