Nani Alikutumia Hii Kitu?

Tata alinipa simu yake vile mtu humpa fundi kiatu. "Imejaa," akasema. "Na sijui imejaa nini. Mimi hata sina picha nyingi."

Ilikuwa Jumapili alasiri, Mai Mahiu, kwenye kibandaski chake kando ya barabara kuu. Tata ni mdogo wa mama yangu. Anauza chai, chapati na maharagwe, na wateja wake wengi ni madereva wa malori na utingo wao, wale wanaotoka Mombasa wakielekea Malaba na kusimama hapa kupumua baada ya kuteremka ule ukuta wa Bonde la Ufa. Mimi ndiye mtoto wa Nairobi anayejua simu. Kila familia iko na mmoja.

Nikafungua mafaili yake. Picha zilikuwa chache kweli. Lakini kwenye folda ya Download, na kwenye ile ya Xender, nikakuta mafaili 14 ambayo majina yao yanaishia na .apk. Mchezo wa mpira. Biblia. Tochi, kana kwamba simu haina tochi. Programu mbili za mkopo. Programu ya "kusafisha simu". Na moja iliyojirudia mara nne, nakala za baadaye zikiwa na (1), (2) na (3) mwishoni mwa jina. Kwa pamoja yalikaribia jigi moja, na simu yenyewe ni ya jigi 16.

Kama hujawahi kukutana nayo, faili la APK ni kifurushi ambacho programu ya Android husafiri nacho. Ukitumia Play Store hukioni, kazi inafanyika nyuma ya pazia. Kwa hivyo ukiyakuta mafaili haya yamejipanga kwenye simu ya mtu, jua kwamba mengi yaliingia kwa njia nyingine: kiungo fulani, ujumbe, Bluetooth, Xender. Ukisakinisha (ingawa Mai Mahiu hakuna mtu husema kusakinisha, watu husema "kuweka apu"), simu hujinakilia kilichomo na kukiweka mahali ambapo wewe hufiki. Kifurushi cha kwanza kinabaki pale pale, kama katoni ya TV juu ya kabati. Ukifuta katoni, programu haiguswi. Ukitoa programu, katoni haiguswi. Ndiyo maana simu za watu wetu zimejaa makatoni.

Nilikuwa nafuta huku nikijisifu moyoni, hadi nikafika kwa ile iliyojirudia mara nne. Nikaangalia tarehe ya nakala ya kwanza. Ilikuwa siku mbili baada ya Krismasi, miaka miwili iliyopita. Krismasi ile nilikuwa hapa. Faili lilitoka kwangu.

Lilikuwa toleo lililochezewa la programu maarufu ya ujumbe. Unazijua. Zinakuonyesha ujumbe ambao mtu ameufuta, zinaficha kwamba uko mtandaoni, zinakuachia uhifadhi status za watu. Nilimwekea Tata kwa sababu alitaka kuhifadhi video za mahubiri, na kwa sababu, niseme ukweli, nilitaka kuonekana mjanja. Zile nakala nyingine tatu alizipokea kutoka kwa watu wengine baadaye. Faili lilikuwa limezunguka likamrudia.

"Hii nani alikutumia?" nikamuuliza, nikijua jibu.

"Si ni wewe, baba," akasema, akigeuza chapati. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja bei ya unga: "Ile iliniletea shida na wamama wa chama."

Hivyo ndivyo nilivyosikia. Mwaka uliopita, ujumbe ulitoka kwa jina lake na picha yake ukienda kwa wanachama: yuko hospitali, amekwama, tafadhali tumeni elfu tatu kwa namba ya "daktari". Wawili walituma. Tata alikuwa hapa hapa akipika maharagwe, mzima. Alipojua, aliwarudishia wale wanawake pesa zao, elfu sita, kidogo kidogo, kwa miezi miwili.

"Lakini Tata, si wewe uliyeziomba."

"Ni jina langu liliomba."

Hakuniambia wakati ule kwa sababu, alisema, ningesumbuka bure.

Sasa, siwezi kuapa kwamba faili langu ndilo lililofungua mlango. Mtu anaweza kuwa alimpigia akamlaghai atoe ile namba ya siri ya tarakimu sita. Inaweza kuwa mojawapo ya zile nyingine 13. Huwezi kuchukua simu ya mwaka jana ukaiuliza nani aliingia. Na hapo ndipo swali langu linaanza. Kama siwezi kuthibitisha kwamba niliharibu, je, nina deni?

Nilijaribu kujitetea kichwani, nikiwa nimeketi kwenye kreti ya soda. Utetezi wa kwanza ni ule wa kila mtu: sikujua. Lakini nilipokumbuka vizuri, nikaona hata huo sina.

Angalia malori yanayopita Mai Mahiu. Kontena la mzigo wa kwenda Uganda linafungwa sili, au lakiri kama vitabu vinavyosema, na siku hizi sili za KRA ni za kielektroniki. Sili haikuambii kwamba mzigo ni mzuri. Ndani kunaweza kuwa na viatu vibovu. Inakuambia mambo mawili tu: nani alifunga, na kwamba tangu afunge hakuna aliyefungua. Faili la APK nalo lina sili. Android haikubali programu isiyotiwa saini, na haikubali toleo jipya likae juu ya la zamani kama saini ya lile jipya si ya mkono ule ule. Mtu akifungua kifurushi cha wenyewe ili aongeze vitu vyake, ile sili inavunjika, na inabidi atie yake. Hakuna anayemkataza: yeyote anaweza kujitengenezea sili. Lakini haiwezi kuwa ile ya mwanzo.

Krismasi ile simu ya Tata ilikataa faili langu. Ilisema haiwezi kusakinisha, kuna mgongano na programu iliyopo. Nikafanya nini? Nikaitoa ile ya asili, nikaweka yangu. Kisha simu ikauliza kama naruhusu Xender ilete programu kutoka nje. Kabla ya Android 8, iliyotoka 2017, kulikuwa na swichi moja kwa simu nzima. Tangu hapo simu huuliza kwa kila mlango peke yake. Nikaruhusu. Kwa hivyo si kwamba sikujua. Niliambiwa mara mbili, kwa lugha ninayoielewa kuliko mtu yeyote katika kile kibanda, na nikatafuta njia ya kuzunguka.

Utetezi wa pili: sikumlipisha, lilikuwa jambo la upendo. Lakini ungemuuzia mtu uyoga wa porini usioujua? La. Je, ungempa bure? Bure haipunguzi sumu. Pengine inaongeza, kwa sababu mtu akilipa hukagua, na akipewa na mwana wa dada yake hakagui.

Utetezi wa tatu ndio unaopendwa zaidi na watu wa teknolojia: yeye mwenyewe alibonyeza Kubali. Ni kweli alibonyeza. Programu iliomba anwani zake, ujumbe wake, kamera, maikrofoni, na kidole kilichobonyeza kilikuwa chake, kina unga. Lakini nani alikuwa amesimama nyuma yake akisema "bonyeza tu, bonyeza, hiyo haina shida"? Ridhaa ya Tata haikuwa kwa ile programu. Ilikuwa kwangu. Aliniridhia mimi, na mimi nikaitumia ridhaa hiyo kumdhamini mtu ambaye sijawahi kumwona, sijui jina lake, sijui yuko nchi gani.

Ndiyo maana nafikiri tunakosea tukiita kitendo hiki "kutuma faili". Ni kudhamini. Ukimpa mtu faili kwa mkono unamwambia: mwamini huyu, kwa sababu yangu. Na mdhamini halipi kwa sababu alikosa. Analipa kwa sababu aliweka jina.

Mtu atasema suluhisho ni rahisi: tufunge mlango. Na unafungwa. Mwaka 2024 Google ilianza Singapore jaribio la kuzuia programu zinazoingia kutoka nje ya duka huku zikiomba ruhusa nyeti kama kusoma SMS, kisha ikalileta katika nchi nyingine, Kenya ikiwemo. Agosti 2025 ikatangaza hatua kubwa zaidi: watengenezaji wa programu, hata wale wasiotumia Play Store, watatakiwa kujitambulisha kwanza ndipo kazi yao ikubalike kwenye simu nyingi za Android, kuanzia nchi nne mwaka 2026.

Sitadharau hilo. Kama lingekuwepo Krismasi ile, huenda elfu sita za Tata zingebaki kwa mfuko wake. Lakini kuna kitu kinanikwaza, na wakulima wa huku wanakifahamu. Kwa miaka, sheria ya mbegu ya Kenya ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa kuwa kosa. Sababu ilikuwa nzuri: kumlinda mkulima dhidi ya mbegu feki. Lakini ilimgusa pia nyanya anayempa jirani kikombe cha maharagwe ya kupanda. Wakulima wadogo walienda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Mbegu ya jirani haina muhuri, lakini ina jirani. Isipoota, unajua nyumba ya kwenda kugonga. Na APK nyingi husafiri hivyo, kwa sababu nzuri: bando ni ghali, na Xender haili bando. Kijana ametengeneza programu ya hesabu za chama, anaigawa mkono kwa mkono, na haina ubaya. Muhuri wa kampuni unaweza kuniambia nani alitengeneza. Hauwezi kuchukua nafasi ya mtu atakayekuja nyumbani kwako ikiharibika. Zile programu nyingi za mkopo zilizowapigia simu mabosi na mashemeji wa watu kuwaaibisha, hadi mwaka 2022 Benki Kuu ikatunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, hazikuwa zote za kichochoroni. Nyingine zilikaa dukani, na muhuri wao.

Kwa hivyo simu inaponiita mimi, kwenye kioo cha Tata, "chanzo kisichojulikana", nilikuwa naona ni matusi. Mimi, ambaye amenibeba mgongoni? Sasa naona simu ilikuwa sahihi kwa njia ambayo haikukusudia. Nilijulikana kwa jina, lakini kwa jambo lile sikujulikana. Nilipitisha kitu kisha nikapanda matatu kurudi Nairobi, na kwa miaka miwili sikuuliza kiliishia wapi. Tata alilipa elfu sita kwa ujumbe ambao hakuuandika, kwa sababu ulibeba jina lake. Mimi nililipa nini kwa faili lililobeba langu?

Nikamtumia zile elfu sita pale pale. Akakataa kuziangalia, akasema niache ujinga, lakini hakuzirudisha. Nikatoa ile programu, nikaweka ya asili, nikawasha uthibitishaji wa hatua mbili na PIN anayoweza kukumbuka, nikafuta zile katoni 14. Simu ikapumua.

Kisha nikamuuliza swali nililotakiwa kuanza nalo. "Tata, wewe ulimtumia nani?"

Maana Xender haihitaji hata katoni. Inachomoa programu iliyo ndani ya simu na kuipeleka kwa simu ya pili. Kila simu niliyowekea ilikuwa imegeuka duka.

Akahesabu kwa vidole. Msichana wa kibanda cha pili. Mama wa kanisa. Binti yake aliye Naivasha. Fundi wa baiskeli. Na utingo mmoja wa lori la Uganda, kijana mpole, alimtumia siku mvua ilipowakwamisha hapa usiku kucha.

Kwa wawili nilienda kwa miguu jioni ile. Fundi alinicheka, akasema hiyo apu yake haina shida, lakini akaniachia niitoe. Mama wa kanisa na binti wa Naivasha niliwapigia, tukaelekezana kwa simu hatua kwa hatua, nusu saa kila mmoja.

Namba ya utingo haipatikani. Tata anasema hajapita tangu Machi, labda alibadilisha lori. Nimemwachia ujumbe wa kumpa akisimama tena kwa chai: aitoe ile apu aliyopewa hapa, na aniambie naye alimtumia nani.