Ridhaa ya Nani?

Kiswahili humwita anayeshindana bila malipo mwanamichezo wa ridhaa. Lakini ridhaa ya nani?

Mbio za Macau zilianzishwa 1954 na wapenzi wa magari, kwenye barabara za mji kando ya bahari. Zamani ningesema: si ni maisha yao, bana?

Kisha nikatazama ajali ya 2018. Kwenye kona ya Lisboa, gari la Sophia Flörsch lilipaa, likapasua uzio. Alivunjika mfupa wa mgongo, akapona, akarudi mbioni. Ila wapiga picha wawili na msimamizi mmoja wa njia waliumia pia. Hao walikuja kazini, si kushindana.

Dereva akisema amekubali hatari, amejisemea yeye tu. Ridhaa yako haiwezi kunisainia mimi niliyesimama nyuma ya uzio.